Makangaga ya Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanabisha hodi kabla ya kuingia nyumba ya mtu, Bi Pimbi aliishi na wanawe wawili katika korongo lenye kivuli. Mlangoni kwake alipanda makangaga, ile mimea yenye majani yaliyochanika kama unyoya, isiyotoa ua wala tunda.

Majirani walimcheka. Mtu mzima anapanda kitu kisicholiwa! Yeye hakuwajali. Kangaga lilitaka kivuli, majani yaliyooza na maji kidogo kidogo, naye alilipatia vyote. Basi bustani ikawa kijani mwaka mzima, na chini yake watoto wakalala salama, maana Tai, mpenzi wa nyama ya pimbi, alizunguka juu asione kitu.

Ukaja ukame. Nyasi zikakauka, miti ikapukutika, ikabaki kijani bustani ile tu. Na kijani wakati wa njaa, wanangu, huonekana kutoka mbali.

Tindi, tindi, tindi. "Hodi hapa?"

Walikuwa Tembo na Nyati, matumbo yakiwanguruma.

Majani yakiliwa, Tai angewaona watoto siku hiyohiyo. Lakini katika nchi ile ilikuwa mwiko kumnyima mgeni chakula, na ilikuwa mwiko vilevile mgeni kukataa anapokaribishwa. Bi Pimbi akavuta pumzi, kisha akatabasamu meno yote nje.

"Karibuni, shemeji zangu. Nilikuwa najiuliza nani atakuja kunisaidia kula haya."

"Shemeji, tunakufa njaa," alisema Nyati.

"Basi mmefika. Ngoja niwachagulie yaliyokomaa."

Akakata jani moja, akaligeuza, akamsogezea Nyati puani. Upande wa chini ulijaa vidoa vya kahawia, vinatoa unga.

Nyati akarudi nyuma. "Hivi ni vitu gani?"

"Hivyo? Usijali, shemeji. Sisi tumeshavizoea." Bi Pimbi akajikuna shingo, kru kru kru. Mwanawe mdogo, aliyekuwa na viroboto tangu juzi, naye akajikuna.

Tembo akahisi sikio linawasha. Nyati akajisugua mgongo kwenye mwamba.

"Ni ukurutu huo," alinong'ona Nyati.

"Nyamaza, utamtukana mwenye nyumba," Tembo akamjibu.

"Mbona hamli?" aliuliza Bi Pimbi. "Au chakula cha maskini hakiwafai?"

"La, shemeji," Tembo alisema, macho chini. "Ila mimi siwezi kula kabla ya kufanya kazi. Ndivyo marehemu mama alivyonilea."

"Hata mimi," alisema Nyati, ambaye hakuwahi kufanya kazi tangu azaliwe.

"Siwezi kuwavunjia malezi yenu. Bustani yangu inataka maji na majani yaliyooza."

Laiti mngewaona! Tembo alikwenda chemchemini akarudi na mkonga umejaa, pwaa, akamwaga. Nyati alibeba majani yaliyooza mgongoni, akayatandaza kuzunguka mashina.

"Polepole, shemeji," Bi Pimbi alimwambia. "Usifukie pale machipukizi yanapotokea, yataoza."

Kila alipoita, "Chakula tayari," wao waliona kazi nyingine. Hata kazi zikaisha kabisa. Wakatazamana.

"Shemeji," alisema Nyati, "tumesahau. Nyumbani tumeacha chungu motoni."

Njaa gani hiyo yenye chungu motoni? Lakini Bi Pimbi hakuuliza.

"Basi niwafungie ya kula njiani."

Lakini wageni walikuwa wameshatimua mbio, vumbi tifu nyuma yao, kila mmoja akijikuna mahali asipowashwa.

Mtoto akamvuta mama yake. "Mama, kwani tunaumwa?"

"Hatuumwi, mwanangu. Vidoa vile kwa kangaga ni kama mbegu. Unga wake ukianguka penye unyevu, huota makangaga mengine. Wewe una viroboto tu, njoo nikuogeshe."

Alasiri Tai alipita, akazunguka mara mbili juu ya korongo. Akaona majani matupu, mabichi, yamelowa maji, akaenda zake na njaa yake.

Nanyi shikeni hili: anayekuzidi nguvu usimfukuze mlangoni, mkaribishe mpaka akimbie mwenyewe.