Boti la Manahodha Wawili

Nahodha mmoja akikosea, kosa lake ni moja, na linaweza kurekebishwa. Wakiwa wawili, kila mmoja hurekebisha kosa la mwenzake kwa kuzaa jipya, mpaka chombo chenyewe kisijue kielekee wapi. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Aliyeitunga hakuwahi kumwona Bi Futi na mumewe. Angewaona, angeitunga mara mbili.

Bi Futi alikuwa fundi cherehani. Watu wa gatini walimpa jina hilo kwa sababu futi kamba yake haikumtoka shingoni, hata alipokuwa akikwangua rangi. Mumewe alikuwa fundi umeme, nao wakamwita Bwana Waya. Tangu waoane waliishi katika chumba cha kupanga ambamo mmoja akitaka kufungua kabati, sharti mwenzake apande kitandani. Basi walipoliona boti kuukuu la kuvushia abiria, limetelekezwa kwenye hori karibu na gati, mbavu zimechakaa kama kapu la miaka mingi, walilipenda siku hiyohiyo. Wangelikarabati, wahamie humo, wasimwombe mtu ruhusa ya kupigilia msumari.

Misumari kweli ilipigiliwa. Shida ni kwamba aliyoipigilia Bwana Waya asubuhi, Bi Futi aliing'oa jioni. Yeye alipima kwa inchi, mumewe kwa sentimita. Ubao wa meza ukakatwa mara mbili na mara zote mbili ukawa mfupi. Mlango ulipakwa rangi ya kijani, ukapakwa nyeupe, ukarudi kijani. Bi Futi alijiona anaishi na mtu anayefumua kila anachokishona, na akawa hasemi, kwa kuwa hakupenda kelele. Alifumua tu na yeye, kimyakimya.

Hata hivyo kazi ilisogea. Nyufa zilizibwa kwa pamba na mafuta, sakafu ikapigwa msasa, mashine ikakohoa na mwishowe ikanguruma. Ikabaki kumsubiri mkaguzi wa gati, ambaye bila idhini yake hakuna aliyeruhusiwa kulala ndani ya boti. Angekuja Jumamosi. Siku hiyohiyo mpangaji mpya angeingia kwenye chumba chao.

"Tukishindwa tutakwenda kwa mama," Bwana Waya alisema, kana kwamba anafariji.

Mama mkwe wa Bi Futi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na maoni kuhusu kila kitu, hata namna mtu anavyokunja shuka.

Jumatano, maji yalipojaa na boti likaelea, waliona jambo la kuwatia baridi: boti limeinama kushoto, kama mtu anayesikiliza umbea kwa sikio moja.

"Si unaona?" Bwana Waya alisema. "Cherehani, jiko, tangi la maji, vyote upande mmoja. Dawa yake mifuko ya mchanga. Tunaiweka kulia, chini ya sakafu."

"Mchanga wa nini, bwana? Tuhamishe cherehani na sanduku la vitambaa. Basi."

"Wewe unajua vitambaa. Uzito niachie mimi."

"Na wewe unajua waya. Boti ulilijulia wapi?"

"Mke wangu, usinipandishe presha."

"Presha ilishapanda zamani, mimi naishi nayo."

Wakaachana hapo, kila mmoja kavimba kama andazi.

Alhamisi jioni, boti likielea na mume akiwa kazini, Bi Futi alijifunga kibwebwe. Alikokota cherehani hadi upande wa kulia, akasukuma sanduku, akahamisha mtungi wa gesi. Kisha akaweka bilauri ya maji mezani na kuinama kuitazama. Maji yalikuwa sawa, hayana upande. Alitabasamu peke yake. Alijua anapaswa kumwambia mumewe, lakini alitaka ushindi wake uonekane mbele ya mkaguzi, ambako hakuna wa kuubishia. Akanyamaza.

Ijumaa asubuhi Bwana Waya alikwenda gatini peke yake. Maji yalikuwa yamekupwa na boti limekaa kwenye tope, ambamo lililala kushoto siku zote, liwe limepakiwa au tupu. Aliona vitu vimehamishwa, akacheka. Huyu naye, kila siku anahamisha vitu kama paka na wanawe, na bado limeinama! Akafungua sakafu, akapanga mifuko ya mchanga upande wa kulia, akafunika. Naye akanyamaza, kwa sababu ileile.

Jumamosi maji yalijaa. Mkaguzi alikuja na viatu vilivyong'aa kwa kiwi, akakanyaga ndani, akatazama mashine na nyufa zilizozibwa, akaridhika.

"Fungueni kamba. Twende pale kwenye boya turudi."

Kamba zilipolegea, boti lilishusha pumzi likainama kulia, taratibu, kama mzee anayesinzia. Bilauri iliteleza mezani ikavunjika.

"Ni nini hii?" mkaguzi aliuliza, ameshika dirisha.

"Umefanya nini?" mume na mke waliulizana kwa sauti moja.

Hapakuwa na muda wa jibu. Bi Futi alirukia cherehani akaisukuma kushoto. Bwana Waya alifungua sakafu akaanza kurusha mifuko, nayo kushoto. Boti likainuka, likawa sawa kwa kitambo cha kupepesa jicho, halafu likaangukia upande wa pili kwa kishindo. Kopo la rangi ya kijani lilibingirika kutoka kwenye rafu, likamwagika juu ya viatu vya mkaguzi.

"Acha kusukuma!"

"Acha wewe kurusha!"

"Simameni wote!" mkaguzi alinguruma. Alitazama viatu vyake, kisha akawatazama wao. "Nahodha wa boti hili ni nani?"

"Mimi," alisema Bwana Waya.

"Mimi," alisema Bi Futi, pamoja naye.

"Basi nitarudi mwezi ujao. Mkiwa mmepata mmoja."

Walihamia kwa mama mkwe na mabegi yao. Walilala sebuleni, na kabla hata godoro halijatandikwa walikuwa wanabishania chandarua kifungwe dirishani au mlangoni. Mama mkwe alitoka jikoni, mwiko mkononi.

"Humu ndani nahodha ni mimi," alisema. "Chandarua dirishani. Kuhusu lile bakuli lenu la majini, amueni. Nimemlea mwanangu miaka yote hiyo ahame. Simtaki hapa!"

Bi Futi alikaa juu ya begi. Alikuwa amechoka na hasira, na chini ya hasira palikuwa na aibu.

"Nilihamisha vitu kwa siri," alisema. "Nilitaka ushindwe mbele ya watu. Uwe nahodha wewe, mimi basi."

Bwana Waya alikuna kichwa. "Njiani kuja huku nilipiga hesabu. Bila mchanga wangu boti lingesimama wima. Ulikuwa umeliweka sawa." Alifunga chandarua dirishani. "Wewe uwe. Lakini nikiona kosa nitasema."

"Sema, mume wangu. Sema hata kutwa nzima. Ila usishike."

Mkaguzi aliporudi, alikuwa amevaa makubazi. Kamba zilifunguliwa, boti likainama kushoto kidogo tu, na mkono wa Bwana Waya ukakimbilia sakafuni ilikobaki mifuko michache ya mchanga. Bi Futi aliuona. Akauma mdomo, akangoja. Mkono ule ulisita hewani, kisha ukarudi polepole mfukoni, kwenye bisibisi.

"Nahodha," mumewe alisema, na neno lilimtoka kama mwiba, "nihamishe mfuko?"

Machozi yalimlenga Bi Futi, akayafuta kwa ncha ya futi kamba.

"Mmoja tu. Kulia."

Boti lilijinyoosha. Wakaenda hadi kwenye boya wakarudi, na bilauri mpya haikumwaga tone.

"Nahodha ni nani?" mkaguzi aliuliza, kwa mazoea.

"Huyo," Bwana Waya alisema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

Idhini ilitoka, wakahamia, na mgeni wao wa kwanza alikuwa mama mkwe. Hajamaliza kuvua viatu, akatupa jicho pande zote.

"Hilo jiko halifai hapo. Lisogezeni huku. Na cherehani..."

"Mama!" walilia wote wawili, wakamkalisha katikati kabisa ya boti, mbali na kitu chochote cha kusukuma. Naye akakaa, amenuna, na boti likatulia juu ya maji. Ama kweli, manahodha wengi, chombo huenda mrama.