Irabu Ndefu za Mwalimu Obwocha

Mkeka wa zamani haukosi wa kuudharau, hasa siku anapopita mtu amebeba mpya begani. Mwenyewe huukunja, akautupa pembeni, akabaki kuketi juu ya vumbi akitazama mali ya mpita njia. Ndivyo ilivyompata Mwalimu Obwocha, na hakuwa mjinga hata kidogo.

Obwocha alizaliwa Itumbe, katikati ya majani chai, akasoma mpaka chuo kikuu, akapangiwa kufundisha Kiingereza katika shule moja ya bweni karibu na Nyamarambe. Alijiamini, na alikuwa na sababu. Jambo moja tu lilimkereketa moyoni: kikundi chake cha kukariri mashairi.

Mwaka uliotangulia walikwenda mashindano ya kaunti mjini Kisii, wakakariri shairi la Kiingereza kuhusu vilima vya nyumbani. Walikariri kwa mikono, kwa macho, kwa mabega. Mwamuzi akawasifu kwa yote hayo, kisha akakohoa.

"Tatizo ni irabu," alisema. "Fupi mmezivuta, ndefu mmezikata. 'Hill' yenu imekuwa 'heel'. Vilima vyote vya Gusii vimegeuka visigino!"

Ukumbi ukaangua kicheko, na kikundi kikashika mkia. Kemuma, kiongozi wao, msichana asiyeogopa mtu, alilia njia nzima.

Mwaka huu mwalimu mkuu, Bwana Onchiri, hakuuma maneno. "Mwalimu, hii ndiyo nafasi ya mwisho. Mkirudi na mkia tena, kikundi nakivunja, na basi la shule litabeba watu wa mpira."

Obwocha akajifunga kibwebwe. Alinunua spika, akapakua sauti za Waingereza wenyewe, akawaketisha wanafunzi kila alasiri wasikilize na kuiga. Halafu akamtafuta adui, akampata karibu. "Ekegusii ndicho kinachowaharibu ndimi!" akatangaza gwarideni. Akatengeneza kibao chenye kamba. Atakayenaswa akisema lugha ya mama angekivaa shingoni mpaka amnase mwenzake. Naye mwenyewe, Mgusii wa baba na mama, akitaka kumpigia mamake simu alijibanza nyuma ya choo cha walimu!

Wiki tatu zikapita. Spika ilitamka vizuri sana, wanafunzi wakatamka vilevile walivyozoea. Tena sasa walikuwa waoga, maana anayeuchunga ulimi wake kutwa hawezi kuukunjua jioni. Zikabaki siku kumi na mbili kabla ya mashindano.

Alhamisi moja, saa za kufua, Obwocha alinyemelea mferejini, kibao mkononi. Kemuma alikuwa ameinamia beseni pamoja na Istarlin, binti wa wauza nguo wa mjini Kisii. Kwao Istarlin walisema Kisomali na Kiswahili, na sasa alikuwa akijifunza Ekegusii kwa wenzake wa bwenini, ambao walimsahihisha bila huruma.

"Sema tena," Kemuma aliamuru.

"Bora," akasema Istarlin.

"Yaya, siyo hivyo! Umekata. Hiyo maana yake ni 'kukosa'. Si nimekwambia neno la 'kusema'? Vuta: boora."

"Aki, si ni kitu moja tu?"

"Kitu moja? Hata mtoto wa nasari hawezi changanya hizo! Kwani huskii?"

Obwocha akaganda pale alipo. Msichana ambaye jana tu yeye mwenyewe alimwambia kwamba hana sikio la irabu alikuwa ameinasa irabu iliyokatwa, maji yakibubujika, povu mpaka viwikoni, bila hata kuinua kichwa. Sikio lilikuwa zima tangu utotoni. Ni yeye, mwenye shahada, aliyeliziba kwa ubao na kamba. Aliona haya, haya ya kweli iliyompanda mpaka utosini.

Kemuma akageuka, akakiona kibao, akanyoosha shingo. "Nivike tu, Mwalimu. Nimekosa."

"Mwenye kosa ni mimi," Obwocha alisema. "Hebu niambie, ulijuaje kwamba amekata?"

Kemuma akashangaa. "Si unaskia tu, Mwalimu? Nikisema hivyo nyumbani, mama atanicheka mpaka jioni."

"Basi sikio hilo la nyumbani ndilo ninalolitaka darasani."

Kibao kiliivisha maharagwe ya chakula cha jioni. Kuanzia kesho yake, somo lilianza na Ekegusii. Wanafunzi walileta maneno ya kwao mawili mawili, fupi na ndefu. Wakitamka fupi walikata hewa kwa kiganja, wakitamka ndefu walivuta mkono kama mtu avutaye kamba ya ng'ombe mkaidi. Walipokolea, wakavuka na mikono hiyohiyo mpaka kwenye Kiingereza. Istarlin aliketi mbele, na yeye ndiye aliyemzomea kila aliyeteleza, kwa furaha ya mtu anayelipiza kisasi.

"Kuvuta si yote," Obwocha aliwaonya. "Mdomo nao una umbo lake. Lakini mlango ni huu, na ufunguo mlikuja nao."

Siku ya mashindano Kemuma alipanda jukwaani kichwa juu. Vilima vikatoka vifupi, safi, kimoja baada ya kingine. Mahali pa kuvuta wakavuta, sauti arubaini kwa pumzi moja, na hakuna aliyecheka ukumbini. Matokeo yaliposomwa, walikuwa wa kwanza. Bwana Onchiri, ambaye shuleni hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, alikuwa amesimama juu ya kiti akipiga vigelegele.

Mwamuzi, yuleyule wa mwaka uliopita, alimfuata Obwocha mlangoni. "Mwalimu, irabu hizi! Umemleta mtaalamu gani kuwafundisha?"

Obwocha akawatazama wanafunzi wake wakikumbatiana uwanjani na kupiga kelele kwa Ekegusii, akatabasamu.

"Mama zao," alijibu.

Naam, waliosema usiache mbachao kwa msala upitao hawakukosea.