Breki za Gari la Mzee Shekalaghe

Haya, tegeni masikio, na mwenye jibu asilimeze.

Huko Soni, kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huishuka kwa adabu, Mzee Shekalaghe alikuwa na watoto watatu na gari la kubebea kabichi. Hizza, kifunguamimba, alijaliwa mikono: nati iliyowashinda mafundi, kwake ililegea. Zaina alijaliwa macho: hapitwi na kitu. Mbelwa, kitindamimba, alijaliwa moyo: woga hakuujua. Na Hizza, jamani, alikuwa na wivu! Tangu Mbelwa azaliwe, finyango nono la nyama lilihama sahani yake, naye hakulisahau.

Breki za mbele zikaisha. Mzee akanunua diski na pedi mpya, akasema, "Atakayelifanya gari hili lisimame, ufunguo ni wake. Magoti yangu yamestaafu."

Hizza akapiga jeki uani, akavua matairi ya mbele. Bolti zilishikana kwa kutu. Akavuta spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Zikaachia. Akavua vibanio vya pedi, akafunga diski mpya na pedi mpya, akavirudisha. "Ufunguo wangu huo," akajisemea. Akakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Akatoa upepo kwenye mafuta ya breki mara tano. Wapi!

Zaina akainama. "Kaka, kibanio cha kulia umekifunga kushoto. Ona, skrubu ya kutolea upepo imekaa chini. Upepo si hupanda juu?"

Kweli tupu. Hizza akaona aibu, kisha uchungu: kwa nini aone yeye? Akavibadilisha pande. Upepo ukatoka, breki ikawa ngumu; akarudisha matairi, akashusha jeki.

Sasa nani ajaribu? Mteremko wa pale nyumbani unaishia korongoni. Hizza akajifanya anakusanya spana. Zaina akatazama kandambili zake. Mbelwa akarukia usukani: "Nipisheni!"

Gari likaanza kuteremka, na hapo Hizza akakumbuka: nati za tairi la kushoto hakuzikaza. Akafungua mdomo, akaufunga. Moyo ukamwambia, mwache aaibike, kipenzi cha baba huyo. Pumzi moja. Ya pili. Ya tatu.

"Mbelwa, simama! Nati!"

Mbelwa akakanyaga. Gari likaganda palepale, tairi likichezacheza, hatua nne kutoka korongoni.

Mzee akaja mbio, kofia mkononi. "Nani kalisimamisha?"

"Mimi niliyekanyaga," alisema Mbelwa, jasho likimtiririka.

"Bila jicho langu ungekanyaga hewa," alisema Zaina.

Mzee, aliyeusikia ule ukelele, akamkumbatia Hizza. "Wewe umefungua bolti, na sauti yako imemwokoa mdogo wako. Shika mwanangu." Akamnyooshea ufunguo.

Ule ufunguo alioutamani, mkono ukawa mzito kuupokea. Maana Zaina alikuwa anamtazama mdomo, ule ule uliofunguka ukafungwa, na Zaina hapitwi na kitu.

Enyi mliokaa hapa, ufunguo mngempa nani: mwenye mikono, mwenye macho, au mwenye moyo? Na wewe, ungekuwa Zaina, ungesema?