Kwa Nini Waya wa Titani na Paladi Hujinyoosha Motoni

Zamani moto haukuwa kitu cha kuwasha kwa kiberiti. Moto ulikuwa nchi, na madini yote yalikuwa raia wake. Humo waliishi Watitani, watu wepesi wa mwili na wagumu wa kichwa, pamoja na Wapaladi, weupe, wachache, wenye kujisikia kidogo. Msicheke, hata humu ndani wapo wa namna hiyo.

Watu hao walijenga mji mmoja kwa mpango wa ajabu. Kila Mtitani alisimama katikati ya Wapaladi wanane, wanne mbele na wanne nyuma, na kila Mpaladi vivyo hivyo katikati ya Watitani. Upande mmoja ukizidi, waliozidi walijitenga, wakajenga kitongoji chao chenye desturi nyingine. Hapakuwa na ugomvi.

Katika mji huo alikuwepo bibi wa Kititani, Nakijwa, kipofu tangu kuzaliwa. Mji wake aliujua kwa mikono tu. Kila alipoamka aliwapapasa majirani zake wote wanane, kiganja kwa kiganja, na akishamaliza husema, "Basi nipo nyumbani."

Ndipo Baridi ikaja. Baridi ya kwao, angalieni, si hii yetu ya kujifunika blanketi; lilikuwa bado joto la kubabua vidole. Lakini wao ilitosha kuwatisha. Walikwisha kusikia habari za miji mingine, jinsi watu walivyotawanyika kila mmoja kivyake kutafuta pa kujibanza, na joto liliporudi hakuna aliyejua alikotoka.

Kiangi, Mpaladi aliyesimama mbele ya Nakijwa, alikuwa mwoga kuliko wote.

"Niachie mkono, bibi," alisema. "Kila mtu ajiokoe."

"Ukienda wewe, mwanangu, mimi nitajuaje nilipo?"

"Siwezi kusimama hivi. Nitakufa!"

"Nani kakwambia usimame? Inama. Ila inama nami, mkono usiuache."

Kiangi akaona haya, akainama. Hakwenda mbali, hata hatua moja haikutimia. Nakijwa akainama naye, na kwa kuwa kila mkono ulishika mwingine, mji mzima ukainama kufumba na kufumbua, safu hizi kulia, zile kushoto, wasije wakasukumana. Wakalala wamebanana hivyo, na hakuna aliyebadili jirani.

Akapita mhunzi, akauokota mji ule, ambao machoni pake ulikuwa kipande cha waya tu, akaukunja. Safu zilizolalia kushoto zikalazwa kulia, mji ukapinda kama ndoana. Nakijwa akalia sana, maana hakujua tena juu ni wapi na chini ni wapi. Mikono hakuiachia.

Mhunzi hakupendezwa na kazi yake, akairudisha motoni. Joto lilipopanda, wote wakainuka kwa pamoja, na kile kilichopinda kikajinyoosha mbele ya macho yake hata akaangusha koleo. Ndani, Nakijwa alikuwa akipapasa. Wa kwanza yupo, wa pili yupo, akaenda hivyo mpaka wa saba. Kwa wa nane akasita.

"Kiangi?"

"Nipo, bibi."

"Basi nipo nyumbani," akasema, na safari hii alilia kwa furaha.

Na tangu siku hiyo, ukikunja waya wa titani na paladi, kisha ukautia kwenye moto mkali, hunyooka ukawa kama ulivyokuwa. Usiukunje kupita kiasi tu, kwa sababu mikono ikishaachana, hata moto hauwezi kuiunganisha. Wataalamu husema waya huo hukumbuka umbo lake. Labda. Mimi nadhani humo ndani kila mmoja anamkumbuka jirani yake tu, na umbo huja lenyewe.