Ufagio wa Bustani ya Mikomamanga

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, yaani anayekudhuru huwa karibu nawe kuliko unavyodhani. Wengi wetu tukiisikia methali hii huanza kuwatazama jamaa zetu kwa jicho la pembeni. Bi Fagio naye alifanya vivyo hivyo.

Jina hilo alipewa kwa usafi wake. Kila kulipokucha alifagia bustani yake ya mikomamanga, na jani lililothubutu kuanguka halikulala chini. Miti hiyo ndiyo iliyomsaidia kulea watoto tangu mumewe afariki. Sasa tawi moja lilinyauka, likafuata jingine, kisha mti mzima ukavunjika kwa upepo mdogo tu. Bi Fagio hakumtafuta mchawi mbali. Ng'ambo ya ua aliishi wifi yake, mshonaji, ambaye kila jioni alimwaga maji ya kufulia karibu na miti ile.

"Wifi, kama unaitaka ardhi ya kaka yako, sema," alimwambia siku moja. "Kuniulia miti polepole si uungwana."

Mshonaji alisimamisha cherehani. "Mimi? Miche hiyo kaka aliipanda mimi nikimshikia."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alijibu Bi Fagio, akampa mgongo. Wiki hiyohiyo akaleta matofali ajenge ukuta kati ya nyumba zao.

Kabla fundi hajaanza kazi, kiuno kilimkamata Bi Fagio akiwa ameinama na ufagio wake, akawa mtu wa kitandani. Wifi yake hakusubiri kuitwa. Alikuja akapika, akawaogesha watoto, kisha akatoka kuchuma matunda yaliyoiva. Alirudi amefumbata kitu.

"Wifi, nani anapasua mbao hapa kwako?"

Kiganjani mwake mlikuwa na unga wa mti, umegandamana vijidonge vijidonge. Bi Fagio alijikongoja hadi nje. Chini ya kila mti mgonjwa palikuwa na kilima cha unga ule, na juu yake tundu dogo kwenye shina. Mshonaji alipenyeza waya tunduni, akavuta kiwavi mnene wa manjano mwenye madoa meusi.

"Huyu ni mtoto wa nondo, yule kipepeo wa usiku," bwana shamba waliyemwita aliwaeleza kesho yake. "Mama yake hana hata kinywa cha kulia. Anaishi siku chache, anataga, anakufa. Anayekula ni mwanawe, tena humo humo ndani ya mti, hata mwaka mzima. Ila hajifichi. Uchafu wake huutupa nje kila siku. Hamkuuona?"

Bi Fagio aliona haya. Alikuwa ameuona kila asubuhi, akaudhania vumbi, akaufagia.

Matawi yaliyotobolewa yalikatwa na kuchomwa moto, ingawa miti miwili haikupona. Kisha Bi Fagio akamwendea wifi yake.

"Nisamehe, wifi. Nilikudhania mabaya, na roho inaniuma."

"Acha ikuume kidogo," alisema mshonaji, macho yake kwenye sindano. Halafu akatabasamu. "Na yale matofali? Au ukuta sasa utaujenga ndani ya mti?"

Walicheka mpaka kiuno cha Bi Fagio kikamkumbusha kwamba bado ni mgonjwa. Siku hizi hachukui ufagio kabla hajachungulia kila shina, na akimsikia mtu akiwarushia jamaa zake methali ile, humwambia ajipapase mwenyewe kwanza. Wahenga hawakusema nguoni mwa wifi wala mwa jirani. Walisema kikulacho ki nguoni mwako.