Kwa Nini Simba wa Kulia Hana Uso

Kaeni hapa ngazini, wageni, mpumzishe miguu. Tangu asubuhi mmeuzunguka mji wa Serrapetra, huku kusini kabisa mwa Italia, na hakuna kilichosalimika na kamera zenu. Mmeuona uwanja wa Warumi ambao nusu yake imelala chini ya duka la viatu. Mmepita lango la wafalme, mmeshuka kwenye kinu cha mafuta ya zeituni kilichochimbwa ardhini, mkapiga picha hata paka wa mlinzi. Sasa mko mbele ya kanisa kuu, na kama wageni wote mnamtazama simba wa jiwe aliye kushoto mwa mlango.

Si kosa lenu. Ana meno, ana masharubu, ana macho ya kumtisha mwenye dhambi. Wa kulia hamkumwona, au mmemwona mkadhani ni jiwe lililosahauliwa na mafundi. Mwili anao, mkia anao, kucha anazo, lakini mahali pa uso pana uvimbe laini tu, kama kitako cha sufuria. Hata hivyo tazameni wenyeji wanavyopita. Wa kushoto hawamjali. Wanamwendea huyu asiye na uso, wanamwekea kiganja kidogo, kisha ndipo wanaingia kusali.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani simba wote wawili walikuwa na nyuso, na wa kulia ndiye aliyekuwa mzuri zaidi.

Katika siku hizo kanisa hili lilikuwa bado linajengwa, na jiwe lake ni hili hili la manjano mnalolikalia. Jiwe la Serrapetra lina tabia yake. Likitoka machimboni ni laini, hukatika kwa kisu kama jibini. Kwa hiyo mafundi wa hapa walikuwa na desturi: wakishamaliza kuchonga, hulikanda jiwe kwa maziwa ya mbuzi siku arobaini. Maziwa huingia kwenye vitundu vyake, hukauka humo, na jiwe hufunga. Jiwe lililonyweshwa maziwa halijali mvua. Lisilonyweshwa, mvua hulila taratibu mpaka ulisahau lilikuwa nini.

Mwaka huo ulikuwa wa tatu wa ukame. Mizeituni ilipukutisha majani na visima vikatoa tope. Watu wakaweka nadhiri kwamba kanisa likikamilika kabla ya sikukuu ya mtakatifu wa mji, mvua itarudi. Na ili mtakatifu asije akadhani wanamtania, wakaongeza kwamba maziwa ya kwanza ya kila mbuzi yatakwenda kwenye jiwe, na watoto watapata yatakayobaki. Mbuzi walipokuwa wanono, yalibaki. Mbuzi walipokonda, hayakubaki, na hakuna aliyethubutu kuigusa nadhiri. Nani angependa aitwe yule aliyeizuia mvua?

Fundi mkuu aliitwa Oronzo. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mkali wa maneno, na mwenye kujisifu kidogo. Tuseme kweli, si kidogo. Hakuoa wala hakuzaa. Waswahili husema asiye na mwana aeleke jiwe. Oronzo hakuwahi kuusikia msemo huo, lakini aliufuata maisha yake yote. Jambo moja tu alilitamani. Siku ya sikukuu, fundi mkuu angepewa ruhusa ya kuchonga jina lake chini ya ukucha wa simba, mbele ya mji mzima, likae hapo milele na milele. Mikono ya Oronzo ilikuwa imeanza kutetemeka na macho yameingia ukungu. Alijua hatapata kazi nyingine baada ya hii.

Simba wa kushoto alikuwa tayari, amekunywa maziwa yake yote, mgumu kama mnavyomwona. Aliagizwa awe wa kutisha, akawa wa kutisha. Lakini huyu wa kulia alimtoka fundi bila kuagizwa. Alikuwa simba mzee mwenye mikunjo kwenye paji la uso, kinywa kimefunguka nusu, kana kwamba ana neno anataka kulisema na anaogopa kukatizwa. Oronzo alimpenda waziwazi. Alikula mkate wake wa mchana akimtazama, na wanafunzi wake wakamcheka pembeni.

Aliyeleta maziwa alikuwa Nunziata, mjane mchunga mbuzi. Kila adhuhuri alifika na ndoo kichwani na mwanawe Biagio mgongoni. Biagio alikuwa na mwaka na nusu na alikuwa hajasimama, kwa maana miguu yake haikuwa na nguvu ya kumbeba. Siku ya tatu ya kumkanda simba wa kulia, Nunziata alimweka mtoto chini ili akamue kitambaa cha kukandia. Oronzo alikuwa juu ya jukwaa la miti akinoa tindo. Alipotazama chini, damu ilimpanda.

Mtoto alikuwa ametambaa hadi kwa simba. Alikuwa ameushika uso ule kwa mikono miwili, na alikuwa akiulamba.

"Nunziata!" Oronzo alifoka. "Mtoe mwanao hapo! Ananiharibia kazi!"

Nunziata alikimbia, akamnyakua mtoto. "Nisamehe, fundi. Ana njaa."

"Njaa? Si wewe mwenye mbuzi? Maziwa yako yanakwenda wapi?"

Mama yule alimtazama bila hasira. "Nayaleta kwako, fundi."

Oronzo aliliweka tindo chini. Alishuka taratibu kwenye jukwaa. Kidevu cha Biagio kilikuwa cha manjano, kimejaa unga wa jiwe, na mtoto alikuwa bado anajilamba midomo, akila unga pamoja na maziwa. Oronzo alikuwa amekanda mawe kwa maziwa tangu ujana wake, na siku ile aliona aibu ambayo hakujua aiweke wapi. Akaisogeza ndoo mbele ya mtoto.

"Fundi, nadhiri," alisema Nunziata kwa hofu.

"Nadhiri niachie mimi. Kesho njoo naye tena. Na mwingine mwenye mtoto aje, ila mpite nyuma ya jukwaa."

Wakaja. Kwanza watatu, halafu tisa, halafu ikawa foleni ya wanawake wenye watoto, na Oronzo akigawa kwa kata, huku akiwagombeza wanaosukumana, kwa kuwa ukarimu haukumpunguzia ukali hata chembe. Lakini kila jioni Padri Liborio, msimamizi wa ujenzi, alipita kuangalia kama jiwe limelowa. Ilibidi lilowe. Basi kila jioni Oronzo alimkanda simba wake kwa maji ya tope kutoka kisimani.

Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua kwamba maji ni sumu ya jiwe hili likiwa bichi. Oronzo alijua kuliko wote. Alikuwa akimwosha mnyama wake na kumwua kwa mkono ule ule. Siku ya kumi ncha za masharubu zilianza kumomonyoka, na alizifagia kwa vidole akazitia mfukoni.

Siku ya ishirini alishindwa. Aliwabania watoto kata mbili, akawaambia maziwa yamekwisha, na walipoondoka akaupaka uso wa simba. Hakurudia tena.

Mkesha wa sikukuu, Padri Liborio alikuja mapema, jua likiwa bado kali, akamshika simba kidevuni kama mtu anayemsalimia mjukuu. Kiganja chake kikarudi na unga.

"Fundi," alisema, "siku arobaini za maziwa, na jiwe linatoa unga?"

"Hakunywa maziwa, Baba."

"Nani basi aliyekunywa?"

Oronzo akanyoosha nyundo kuelekea uwanjani. Watoto walikuwa wakifukuzana kuzunguka kisima kikavu, wakipiga kelele. Biagio alikuwa katikati yao, amesimama, miguu imepanuka, akijaribu kuamua kama apige hatua.

"Hao," alisema fundi.

Padri aliwatazama. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka ule alikuwa amezika watoto wengi, na wawili kati ya hawa alikwisha kuwapaka mafuta ya wagonjwa, kama wanaokufa. Lakini habari ilikimbia mjini kabla hajaamua, na watu wakaja, na wakakasirika. Oronzo alikuwa ameivunja nadhiri ya mji. Oronzo alikuwa ameuza mvua yao kwa ndoo za maziwa. Baada ya makelele mengi wakatoa hukumu: simba watabaki, kwa kuwa hakuna muda wa kuchonga wengine, lakini jina la fundi halitaandikwa. Si chini ya ukucha wa kulia, wala wa kushoto.

Tusimpambe mzee wa watu. Hakupokea hukumu ile kama mtakatifu. Aliumia, na alikaa chini palepale, kwenye ngazi hizi, akakataa kuinuka mpaka Nunziata alipomshika mkono.

Kesho yake, maandamano yalipokuwa yanatoka kanisani, mvua ikanyesha. Wapo waliosema ni kwa sababu kanisa limekamilika. Wapo waliosema ni kwa sababu mwezi wa mvua ulikuwa umefika. Tuwaache wabishane, wajukuu wao wanabishana mpaka leo. Siku ile hakuna aliyejali sababu. Watu waliinua nyuso, wakafungua vinywa, wakalia, wakakumbatiana na maadui zao, sanamu ya mtakatifu ikaachwa peke yake katikati ya uwanja ikiloa.

Mtu mmoja tu hakutazama juu. Oronzo alikuwa amesimama mbele ya simba wake. Paa la mlango liliukinga mwili tu, na maji ya manjano yalikuwa yanachuruzika kidevuni. Ile mikunjo ya paji la uso ilikuwa inajaa na kufutika, na kile kinywa kilichokuwa na neno la kusema kilikuwa kinajifumba. Mvua ambayo mji mzima uliililia miaka mitatu ndiyo iliyokuwa inamla.

Nunziata alimwona. Alikuja na Biagio mgongoni, akaweka kiganja chake juu ya uso wa simba, kuukinga. Biagio naye akanyoosha chake. Akaja mama mwingine, akaweka wake juu ya wao, na watoto wakapenya chini ya mikono ya wakubwa, wakatafuta kila nafasi iliyobaki, sikio, shavu, pua. Hata baadhi ya wale waliopiga kelele jana yake walikuja. Walisimama hivyo, wamelowa chapachapa, mpaka mvua ilipokatika.

Walipoondoa mikono, uso haukuwepo. Jiwe lilikuwa bichi mno. Mikono iliyokuja kuukinga ndiyo iliyoumaliza, na ulikuwa umebaki viganjani mwao, tope la manjano. Nunziata alianza kulia. "Tumekuharibia, fundi," alisema.

Oronzo alikishika kiganja cha Biagio, akakigeuza, akakitazama kwa yale macho yake yenye ukungu. Katikati ya tope palikuwa na alama ndogo ya mkunjo wa paji la uso. Mzee akacheka huku machozi yanamtoka.

"Hamjaniharibia," alisema. "Nilikuwa natafuta mahali pa kuiweka kazi yangu, nami nimepaona."

Na tangu siku hiyo mwenyeji wa Serrapetra hapiti mlangoni bila kumwekea simba wa kulia kiganja, na mvua ikinyesha hukikawiza kidogo. Mama aliyejifungua hutoka kwa mara ya kwanza na mwanawe mpaka hapa, huchovya kidole katika maziwa yake mwenyewe, na humpaka simba tone moja. Maziwa hayo hayamsaidii. Jiwe lilikwisha kukomaa kitambo kwa jua na upepo, na kila kidole kinachompaka kinampunguza. Wanalijua hilo, na wanampaka.

Wa kushoto bado ana uso wake wote. Inameni mtazame chini ya ukucha wake: hapana jina. Muulizeni mpiga picha yeyote ni kazi ya nani, atainua mabega. Lakini mtoto wa mji huu, akiwa amebebwa mgongoni, akinyoosha mkono kugusa jiwe hili lisilo na pua wala macho, muulizeni simba ni wa nani. Hata kama hajajua kuhesabu mpaka tano, atawaambia ni wa Fundi Oronzo.

Haya, inukeni sasa, kengele inalia. Mkiingia, piteni kulia.