Jiwe Lipasualo Vyungu

Hivi, mpenzi msikilizaji, umewahi kupotea kijijini kwenu kwa kuona haya kuuliza njia? Wahenga waliposema kuuliza si ujinga, nadhani walimwona mtu kama Klementi.

Klementi alizaliwa kijiji cha Likawage, akatolewa huko akiwa na miaka saba, akasoma hadi akawa mtaalamu wa miamba. Mwaka tisini na saba, milango ya nchi ilipokwisha kufunguliwa kwa wawekezaji wa nje, alirudi na watafiti wenzake kutoka Polandi na Norwe. Walitafuta jiwe jeusi, lile ambalo mafuta ya petroli huzaliwa ndani yake.

"Hapa ni kwetu," aliwatambia. "Kila korongo nalijua!"

Siku nne walipanda na kushuka, jasho likiwatiririka, wakaambulia mawe ya kijivu yaliyoliwa na jua na mvua. Kesho yake gari lingeondoka. Wakirudi mikono mitupu, utafiti ungehamishiwa wilaya nyingine, na miaka mitatu aliyouhangaikia ingekwenda na maji.

Kila asubuhi walimpita Bibi Romana, mfinyanzi, akikanda udongo uani kwake. Klementi alimwamkia mbiombio, akaenda zake. Msomi mzima aulizie mawe kwa bibi wa darasa la nne, tena mbele ya wageni?

Siku hiyo ya mwisho Mama Halina, mtafiti mmoja Mpolandi mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alichuchumaa kando ya udongo.

"Shikamoo, bibi. Jiwe jeusi unajua?"

"Marahaba, mwanangu. Lile linukalo mafuta ya taa ukilipasua? Balaa lile! Chembe zake zikiingia kwenye udongo, chungu motoni paa! Ndiyo maana wafinyanzi hatuchimbi kule nyuma ya mihogo yangu." Akamgeukia Klementi. "Na wewe, mume wangu, siku zote wapita na nyundo begani, nami nadhani mwawinda nyoka!"

Akawaongoza mpaka kwenye ukingo wa korongo uliobomolewa na mvua za masika. Klementi akagonga mara moja. Jiwe likapasuka, jeusi tititi, likinuka kama kibatari. Mama Halina akamkumbatia bibi, "asante, asante sana," hata akapakwa udongo mashavuni.

Klementi akapiga magoti, akaushika mkono wa bibi.

"Mungu akuzidishie, bibi. Tangu siku ya kwanza nilitaka kukuuliza. Niliogopa kuonekana mgeni kwetu."

Ama kweli, kuuliza si ujinga.